Alcedo: Meli ya Anasa Iliyogeuzwa Manowari

Katika istilahi za bahari, jina la chombo hufuata kazi yake. Alcedo, meli ya mvuke iliyoundwa Glasgow mwaka 1895, ilikuwa ya matembezi ya tajiri wa Philadelphia, George W. Childs Drexel. Mwaka 1917 Jeshi la Wanamaji la Marekani liliichukua, likaifunga mizinga na kuipeleka Ufaransa kulinda misafara ya meli. Hapo ilistahili kuitwa manowari ya doria. Lakini umbo lilibaki lile la matembezi. Tarehe 5 Novemba 1917 nyambizi ya Kijerumani iliipiga kwa topido, ikazama kwa dakika chache. Watu 21 wakafa. Basi istilahi kamili haina budi kutaja kazi na asili pia: meli ya anasa iliyogeuzwa manowari.