Deni Lenye Sharti: Ng'ombe wa Ubugabire katika Bugufi

Wazee husema, "Ahadi ni deni." Neno hili ni kweli, walakini madeni si ya namna moja. Liko deni lisilo na sharti: aliyekopa shilingi kumi atalipa shilingi kumi. Tena liko deni linalotegemea jambo jingine, litokee au lisitokee. Deni hili la pili lilijulikana sana katika nchi ya Ngara tangu zamani, nasi tunaweza kujifunza kwalo.

Bugufi, wakaapo Wahangaza, hapo kale ilikuwa sehemu ya ufalme wa Urundi, na baada ya Vita Kuu ya 1914–1918 ikabaki upande wa Tanganyika. Huko ilikuwapo desturi iliyoitwa ubugabire. Mtu asiye na ng'ombe alikwenda kwa mwenye kundi, akamwomba, akapewa. Tangu siku ile alikunywa maziwa, akatia samadi katika migomba yake, na majirani wakamheshimu. Naye alipaswa kumzuru bwana wake, kumpelekea pombe na kumsaidia kazi. Bwana naye alipaswa kumlinda na kumtetea penye mashauri.

Ng'ombe huyo hakutolewa kwa siku maalum. Alikaa kwa mpewa muda wote wa utumishi wake. Akimwacha bwana, bwana aliweza kumtwaa ng'ombe, na mara nyingi uzao wake pia.

Wanasheria wanalo jina la sharti la namna hii. Sheria ya mapatano iliyotolewa tarehe 30 Julai 1888 kwa ajili ya Kongo, ambayo baadaye ilipelekwa Ruanda-Urundi, yapambanua masharti mawili. La kwanza huzuia deni lisianze. Mtu akisema, "Ng'ombe wangu akizaa ndama jike, nitakupa ndama huyo," mwia hana la kudai mpaka ndama jike azaliwe. La pili huvunja mapatano yaliyokwisha kuanza: jambo lililotajwa likitokea, kila mmoja humrudishia mwenziwe alichopokea. Ubugabire wafanana na hili la pili.

Sheria hiyo yaongeza neno la busara: ahadi ni batili ikiwa sharti lake lategemea mapenzi ya mwenye kuahidi peke yake. Asemaye, "Nitalipa nikipenda," hakuahidi kitu. Basi hapa twaona kasoro ya ubugabire, ingawa ilikuwa upande wa pili. Ni nani aliyepima kama utumishi umetosha? Mara nyingi ni bwana mwenyewe. Tena deni halikuwa na siku ya kwisha. Mtu aliweza kutumika miaka mingi, na bado akawa na hofu ya kunyang'anywa. Sharti lililo mkononi mwa mwia peke yake humfanya mwiwa kuwa mtumwa wake. Huko Rwanda desturi ya ubuhake, iliyo ndugu ya ubugabire, ilikomeshwa kwa amri ya Mwami Mutara Rudahigwa ya tarehe 1 Aprili 1954, na ng'ombe wakagawanywa kati ya mabwana na watumishi wao.

Upande wetu iko Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961, ambayo vifungu vyake vya 31 hadi 36 vyahusu mapatano yenye sharti. Ahadi inayotegemea jambo la baadaye haidaiwi mpaka jambo lile litokee. Nalo likiwa haliwezekani tena, ahadi hubatilika. Yule aliyeahidiwa ndama, ng'ombe akifa kabla ya kuzaa, hana la kudai. Si jambo dogo katika nchi ya wafugaji. Mnamo mwaka 1891 sotoka ilipita katika nchi hizi za maziwa makuu ikaua ng'ombe wengi mno, na pamoja nao yakaanguka matumaini mengi yaliyowekwa juu ya ndama wasiozaliwa.

Kwa hiyo, ndugu, tukipatana kwa sharti, tuyataje mambo manne mbele ya mashahidi, na ikiwezekana tuyaandike: jambo gani litazamiwe; nani ataamua kwamba limetokea; litangojewa mpaka siku gani; na itakuwaje mnyama akifa pasipo kosa la mtu. Wazee wetu walilitaja la kwanza, lakini la pili na la tatu hawakuyaweka wazi, na wanyonge ndio waliopata taabu kwa sababu hiyo.