Python: Hasi moja inavyoweza kupunguza fedha

Maktaba sanifu ya lugha ya kompyuta ya Python humwezesha mwandishi wa programu kudondoa sehemu ya matini kwa kutafuta neno maalumu. Amri ya find hutaja nafasi lilipo neno hilo. Lisipopatikana, hujibu -1. Hapo ndipo penye hatari. Programu inayochukua herufi zilizotangulia neno “shilingi”, ikipewa “45000” pekee, itatoa “4500”, kwani ukomo wa -1 huacha herufi ya mwisho. Onyo halitolewi, na mhasibu hana habari. Amri ya index, kinyume chake, hutangaza kosa papo hapo. Iliyo salama zaidi kwa kazi hii ni partition, iliyoingizwa mwaka 2006 katika toleo la 2.5: hurejesha vipande vitatu, na neno lisipokuwamo, cha kwanza hubeba matini yote, viwili vikabaki vitupu.