Faili Kubwa, Kihariri na Hesabu ya Watu

Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, ambayo makarani wake walipita kaya kwa kaya, Mgori mkoani Singida ikiwemo, wakiwa na vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi, ilipata watu 61,741,120 nchini Tanzania, takribani mara tano ya wale 12,313,469 wa mwaka 1967, ilipofanyika sensa ya kwanza baada ya Uhuru. Kila mtu akiandikiwa mstari mmoja wa herufi 100, faili linalopatikana huzidi gigabaiti 6, na faili la namna hiyo ndilo linalofichua udhaifu wa kihariri matini, yaani programu ya kuandika na kusahihisha maandishi yasiyo na mapambo ya chapa.

Vihariri vingi vya awali viliingiza faili zima katika kumbukumbu ya kompyuta, kwa hiyo faili lililozidi kumbukumbu hiyo halikufunguka. Mwaka 1974 Butler Lampson na Charles Simonyi, katika maabara ya Xerox PARC huko Marekani, waliunda kihariri Bravo kilichotumia jedwali la vipande: maandishi asilia hayaguswi, nyongeza huwekwa kando, na jedwali huonyesha vipande vifuatane vipi. Mwaka huohuo Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya mitambo kuvuruga hesabu za Hazina. Kanuni ya vipande, hata hivyo, si ngeni Mgori, ambako miaka ya 1990 msitu wa zaidi ya hekta 40,000 uliwekwa mikononi mwa vijiji vitano, kila kijiji kikilinda sehemu yake.

Kosa la kawaida la wapimaji wa vihariri ni kutazama ukubwa kwa baiti peke yake. VS Code, kihariri cha Microsoft, kilishindwa na faili la megabaiti 35 tu, kwa kuwa lilikuwa na mistari milioni 13.7 na kila mstari ulitengewa baiti 40 hadi 60 za ziada, jumla ikafika megabaiti 600 hivi. Mwaka 2018 watengenezaji wake wakahamia kwenye mti wa vipande, ambao ni jedwali lilelile la vipande lililopangwa kwa matawi ili utafutaji uwe wa haraka. Kipimo cha haki, basi, huwa na faili la mistari mingi mifupi na jingine la mstari mmoja mrefu kupita kiasi. Mpimaji huruka hadi mwisho, hubadili herufi moja mwanzoni, kisha huhifadhi, na katika kuhifadhi ndipo vihariri vingi vilivyofungua faili kwa mbwembwe hukwama, kwa sababu faili zima huandikwa upya. Mkoa wa Singida peke yake, wenye watu 2,008,058, ungetoa faili la megabaiti 200 hivi, mzigo ambao kihariri cha vipande hubeba bila taabu.