Asili ya Polithini na Jina Lake

Mfuko ambao wengi wetu twauita wa nailoni, aghalabu si wa nailoni. Nailoni ilivumbuliwa Marekani mwaka 1935. Mfuko huo ni polithini. Mwaka 1933, huko Winnington, Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson waliigandamiza gesi ya ethilini kwa nguvu kubwa na joto, wakakuta masalio meupe mfano wa nta. Vifungo maradufu vya kaboni vilikuwa vimefunguka, na molekuli zikashikana kama mnyororo. Mwaka 1953, Karl Ziegler wa Ujerumani aliuunda mnyororo huo bila mgandamizo mkubwa. Mnyororo huo hauozi upesi. Kwa hiyo Tanzania iliipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2019. Yafaa basi tukitaje kwa jina lake kitu tunachokikataza.