Ridhaa, Staha na Sauti ya Mwanamke katika Muziki wa Pwani: Kutoka Delta ya Rufiji hadi Ng'ambo ya Unguja

Utangulizi

Mbwera imo ndani ya delta ya Rufiji, katika wilaya ya Kibiti, miongoni mwa mikoko inayofunika zaidi ya hekta 50,000. Kwa karne nyingi njia kuu ya eneo hili imekuwa maji. Boriti zilizokatwa katika delta zilipakiwa majahazini zikapelekwa Unguja, Oman na Ghuba, na pamoja na boriti walisafiri watu, maneno na ngoma. Hata hivyo, historia ya muziki wa pwani huanzishwa mara nyingi katika jumba la Sultani Barghash, kwa kisa cha mwanamuziki aliyepelekwa Misri kujifunza taarabu, na bara huonekana humo kama mpokeaji tu wa kile kilichotengenezwa mjini. Makala haya yanaanzia upande wa bara. Yanafuatilia suala moja, yaani ridhaa ya mwanamke, na jinsi lilivyosemwa ndani ya muziki kutoka uwanja wa unyago hadi sahani ya santuri na baadaye redioni.

Hoja inayotetewa ni kwamba wanawake wa pwani waliimba kuhusu ridhaa mapema sana, lakini wenye mamlaka juu ya nyimbo zao, wawe wazee wa ukoo, mahakimu wa kikoloni au maofisa wa dola huru, waliwajibu kwa habari ya staha. Staha huuliza kama jambo linafaa kusikika hadharani. Ridhaa huuliza kama mhusika alikubali. Wimbo unaweza kufaulu mtihani wa kwanza ukashindwa wa pili, na kinyume chake pia ni kweli.

Mwali huchezwa

Sarufi ya Kiswahili ina ushahidi wake katika suala hili. Mwanamume huoa; mwanamke huolewa. Katika unyago mwali hachezi, huchezwa: huwekwa ndani, hufundwa, hutolewa. Vitenzi vyote hivyo vimo katika kauli ya kutendwa, na mtenda wake ni somo au kungwi, pamoja na wanawake wazima wa ukoo. Wandengereko, Warufiji na Wanyagatwa wa bonde na delta, kama jirani zao Wazaramo ambao mila zao za mwali zilichunguzwa kwa kina na Marja-Liisa Swantz katika miaka ya 1960, walimtenga binti baada ya kuvunja ungo na kumfunda kwa nyimbo na ngoma kabla ya kumtoa nje akiwa tayari kuolewa.

Ni rahisi kuliita jambo hili ukandamizaji na kufunga mjadala. Ni rahisi vilevile, na katika tasnifu za fasihi simulizi imekuwa kawaida, kuliita shule ya uhuru wa mwanamke. Yote mawili hayatoshi. Ndani ya unyago mwanamke alipewa msamiati kamili wa mwili wake na wa mwili wa mume, akafundishwa kwamba tendo la ndoa lina haki yake pia, na kwamba mume asiyejiweza anaweza kuchekwa. Nyimbo zilisema waziwazi yale ambayo nje ya uzio yangekuwa matusi. Lakini maarifa hayo yalitolewa kwa sharti la siri, na kwa mtu ambaye hakuulizwa kama anataka kuchezwa, wala lini, wala ataolewa na nani. Unyago ulimpa mwanamke lugha ya ridhaa bila kumpa nafasi ya kuitumia mbele ya wenye uamuzi.

Fikihi ya Kishafii inayofuatwa pwani haikuondoa mkanganyiko huo. Kwa mujibu wa madhehebu hayo, baba au babu ana mamlaka ya kumwoza bikira, na kunyamaza kwa bikira anapoulizwa huhesabiwa kuwa ni kukubali. Mjane na mtalikiwa ndio wanaotakiwa kutamka. Hivyo mwanamke mtu mzima aliyewahi kuolewa alikuwa na sauti ambayo binti hakuwa nayo. Si ajabu, basi, kwamba waimbaji wa kike waliothubutu kusema hadharani katika historia ya pwani walikuwa, kwa sehemu kubwa, wanawake waliokwisha kuachwa, kufiwa au kukimbia ndoa.

Njia ya Rufiji

Unyago ulifika Unguja na Mombasa kwa miguu ya watu waliolazimishwa kutembea. Margaret Strobel, katika utafiti wake wa wanawake Waislamu wa Mombasa (1979), anauhusisha unyago wa huko na wanawake wenye asili ya utumwa. Hali ya Unguja inafanana na hiyo. Baada ya mkataba wa mwaka 1873 kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari, wafanyabiashara wa Kilwa waliigeuza njia ikawa ya nchi kavu. Misafara ilivuka Rufiji ikielekea kaskazini. Frederic Elton, ofisa wa ubalozi mdogo wa Uingereza aliyepita njia hiyo mwishoni mwa 1873 na mwanzoni mwa 1874, alihesabu zaidi ya watu 4,000 waliopitishwa katika muda wa takriban mwezi mmoja. Barghash aliipiga marufuku misafara hiyo mwaka 1876.

Jambo hili lina uzito kwa mada ya ridhaa kwa sababu ya kile kilichowapata wanawake walipofika. Amri ya kukomesha utumwa Unguja ilitolewa mwaka 1897, lakini masuria waliachwa nje yake kwa hoja kwamba hali yao ni ya kifamilia, karibu na ndoa. Waliendelea kuwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Kwa miaka 12, kwa hiyo, sheria ilikuwa na mtu huru wa aina moja na mtu asiye huru wa aina nyingine, na tofauti kati yao ilikuwa ni matumizi ya mwili wake na bwana. Kimya cha suria kilihesabiwa kuwa ridhaa, kama kimya cha bikira.

Kijiti

Siti binti Saad alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880 katika ukoo wenye asili ya utumwa. Alihamia mjini yapata mwaka 1911, akiwa muuza vyungu, na mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi kwa kampuni iliyotoa santuri za HMV. Santuri hizo ziliuzwa kwa makumi ya maelfu katika Afrika Mashariki. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad alimweka mbele ya msomaji kama mfano wa utu na staha, mtu aliyedharauliwa kwa sura na nasaba akawashinda waliomdharau kwa akili. Picha hiyo ni ya kweli, lakini imemfunika Siti mwingine: mtoa habari wa mahakamani.

Wimbo wake uitwao "Kijiti" ndio ushahidi mzito zaidi. Kwa mujibu wa Laura Fair (2001), aliyeuchambua kwa kusikiliza pia kumbukumbu za wazee wa Ng'ambo, wimbo huo unasimulia tukio la kweli. Mwanamke mgeni kutoka bara alitoka usiku na wenyeji wake kwenda kwenye starehe. Mwanamume aliyejulikana kwa jina la Kijiti akambaka na kumuua, kisha akatorokea bara. Wanawake wawili waliokuwa wenyeji wake walijitokeza kutoa ushahidi. Mtuhumiwa hakuwapo, na mahakama ya kikoloni iliishia kuwatia hatiani mashahidi wenyewe kwa sababu ya pombe iliyonywewa usiku ule.

Kesi hii inastahili kutazamwa kwa utulivu. Mahakama ilikuwa na mbele yake swali la ridhaa katika umbo lake la wazi kabisa: mtu ambaye hakukubali, na amekufa. Ikalibadilisha kuwa swali la staha: wanawake hawa walikuwa wapi, saa ngapi, na walikunywa nini. Mwenye hatia akawa bahari ya pili, na adhabu ikawaangukia wale waliosema. Kwa mwanamke yeyote wa Ng'ambo, mahali walipoishi watu wengi wenye asili ya utumwa, fundisho lilikuwa dhahiri. Kutoa ushahidi kulikuwa na gharama kuliko kukaa kimya.

Kilichofanywa na Siti na kundi lake ni kuirudisha kesi barazani. Wimbo unataja majina, unaeleza njia aliyopitishwa marehemu, na unaielekeza lawama kwa muuaji na kwa uamuzi wa hakimu. Hapa ndipo uhusiano na unyago unapoonekana, ingawa watafiti wa taarabu huupita haraka. Kumwambia mwanamke mwenzako hadharani, kwa wimbo, yale yaliyoupata mwili wa mwanamke mwingine, si desturi ya taarabu ya jumba la Sultani, iliyoimbwa kwa Kiarabu. Ni desturi ya uwanja wa ngoma. Tofauti ni kwamba uzio umeondolewa, na santuri inaweza kusikilizwa na hakimu pia.

Yapo maelezo ya kupinga. Inaweza kusemwa kwamba "Kijiti" ni onyo kwa wanawake wasitoke usiku, na kwamba hadhira fulani iliusikia hivyo. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa, kwani wimbo hauna mamlaka juu ya masikio ya wasikilizaji. Hata hivyo, onyo la namna hiyo halingehitaji kumtaja hakimu. Wimbo unaomlaumu hakimu unadai jambo zaidi ya tahadhari.

Ngoma yabadili wenyewe

Baada ya Siti, safari ya unyago kwenda hadharani ilipitia njia mbili zisizolingana. Ya kwanza ni ile ya Fatuma binti Baraka, Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013. Masimulizi yaliyochapishwa kuhusu maisha yake yanasema alikimbia ndoa ya kulazimishwa akiwa bado binti na kuzunguka bara. Alikuwa kungwi kabla ya kuwa nyota wa majukwaa ya Ulaya, na aliipeleka msondo, ngoma ndefu ya unyago ipigwayo ikiwa katikati ya miguu, mbele ya watu wasiochezwa. Baadhi ya wenyeji waliona amevunja siri. Lakini mpigaji alikuwa bado ni mwanamke, na ni yeye aliyeamua nini kitoke.

Njia ya pili ilifuata jina la ngoma hiyohiyo. Bendi ya chama cha wafanyakazi, NUTA Jazz, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1964, ilikuja kuuita mtindo wake Msondo, na leo bendi yenyewe inajulikana kwa jina la Msondo Ngoma. Mlimani Park nao waliuita mtindo wao Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Katika kumbi hizo waimbaji na wapigaji walikuwa wanaume wenye mshahara, na mwanamke akawa mada: mke mvivu, mpenzi anayependa pesa, binti asiyesikia wazazi. Ni kejeli ya historia kwamba ngoma iliyokuwa ya wanawake kusema wao kwa wao ikawa jina la muziki ambamo wanasemwa. Nyimbo hizo zilikuwa safi kwa kipimo cha staha, na redio ya taifa ilizipiga mchana kutwa.

Baraza na kipimo chake

Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984. Mwaka 2018 lilionekana zaidi kuliko kawaida. Mapema mwaka huo nyimbo kadhaa zilizuiwa kuchezwa redioni na katika televisheni. Mwezi Novemba wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz ulipigwa marufuku, na mwezi Desemba wasanii hao wakazuiwa kufanya maonyesho baada ya kuuimba jukwaani. Zuio liliondolewa Januari 2019. Sababu zilizotangazwa zilihusu maadili na lugha ya ngono. Mjadala uliofuata, bungeni na magazetini, ulikuwa kuhusu maneno yanayofaa masikio ya watoto. Hakuna aliyeuliza kama katika wimbo wowote kati ya hizo, au katika mamia yaliyoachwa yapite, anayetongozwa ana nafasi ya kusema hapana na kusikilizwa.

Pengo hilo si la Baraza peke yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inadai, katika kifungu cha 16, ridhaa huru ya pande zote mbili, na katika kifungu cha 13 inaruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15, huku kifungu cha 17 kikidai ridhaa ya baba yake kama hajafika 18. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 inahesabu kujamiiana na msichana chini ya miaka 18 kuwa ni ubakaji, awe amekubali au la, isipokuwa akiwa mke mwenye miaka 15 au zaidi ambaye hajatengana na mumewe. Mahakama Kuu mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vinapingana na Katiba na kwamba umri uwe miaka 18.

Katika vijiji vya delta, ambako mashua bado ndiyo gari na sherehe ya kumtoa mwali sasa huweza kuchanganya ngoma ya kungwi na spika za muziki wa Mbagala, vipimo hivi vyote hukutana katika usiku mmoja. Nyimbo za kungwi, zenye maneno yasiyotamkika, zinamweleza binti kwamba mwili wake una haki. Singeli ya kwenye spika, ikiwa imeondolewa matusi ili ipite redioni, inaweza kumsifu mwanamume asiyekubali kukataliwa. Kwa kipimo cha staha, ile ya kwanza ndiyo inayostahili kufungiwa, na binti wa miaka 15 aliyekaa katikati ya ukumbi, kichwa kimefunikwa kanga, bado hajaulizwa.