Tata, Safari Rally na gari lililokwama Kericho

Leo naweka programu kando kidogo nizungumzie mbio za magari, ingawa mtaona mwishoni kwamba sijaenda mbali sana na kazi yangu.

Juni 2022, mimi na tata tulipanda matatu Keroka usiku, tukapita Sotik, Bomet, Narok na Mai Mahiu, tukashuka Naivasha alfajiri tukiwa tumeganda kwa baridi. Tulikuwa tunakwenda kutazama Safari Rally. (Kwa msiojua Kigusii: tata ni baba. Kwetu neno "baba" lina maana ya mama, kwa hiyo nikiandika "baba yangu alipenda magari", watu wa Kisii na Nyamira wataelewa kitu kingine kabisa.)

Kwa kweli tulipanga kwenda mwaka mmoja kabla. Juni 2021 ndipo Safari iliporudi kwenye mashindano ya dunia ya WRC baada ya miaka 19. Lakini wiki moja kabla ya mbio, serikali iliziweka kaunti 13 za upande wetu, Kisii na Nyamira zikiwemo, chini ya masharti makali ya korona. Kafyu ilianza saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, na watu waliombwa wasitoke wala wasiingie. Basi tukatazama kwenye televisheni Sébastien Ogier akishinda. Tata hakusema neno. Alizima televisheni akaenda kuangalia ng'ombe.

Tata alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 60. Kwake Safari ni redio. Pasaka ilipofika, watu walikusanyika kwa jirani mwenye redio kusikiliza nani anaongoza na nani ameng'oa gurudumu. Mwaka anaoukumbuka zaidi ni 1974, mwaka wa mvua na matope, Joginder Singh aliposhinda kwa Mitsubishi Lancer ndogo na kumwacha Björn Waldegård na Porsche yake katika nafasi ya pili. Joginder alizaliwa Kericho, yaani ng'ambo tu ya mashamba ya chai kutoka Nyamira, kwa hiyo wazee wetu walimhesabu kuwa mtu wa nyumbani. Alikuwa ameshinda mwaka 1965 kwa Volvo, akashinda tena 1976.

Sasa turudi Naivasha. Jumapili tulikuwa Hell's Gate. Gari la kwanza lilipita kama risasi, vumbi likatufunika, watu wakapiga mayowe. Tata alifurahi kama mtoto. Baadaye nikamweleza kwamba magari yatapita tena njia hii hii mchana. Akanitazama.

"Hii hii?"

"Ndiyo tata. Mkondo huu unakimbiwa mara mbili."

"Halafu wanakwenda wapi?"

"Wanarudi Naivasha mjini kutengeneza magari."

Akatikisa kichwa. "Basi hii si safari. Huku ni kuzunguka."

Nilicheka, lakini neno hilo lilinirudisha kwenye historia, kwa sababu Safari ilizaliwa na mtu aliyelalamika hivyo hivyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 50, wapenda mbio wa Kenya walikuwa na uwanja wao uitwao Langa Langa, karibu na Gilgil. Magari yalizunguka pale mpaka mmoja akashinda, kama kwenye viwanja vya Ulaya. Inasimuliwa kwamba Eric Cecil alialikwa na binamu yake, Neil Vincent, ashindane huko, akakataa. Alisema hakuna jambo la kuchosha kama kuzunguka kipande kile kile cha ardhi. Lakini wakiandaa mashindano ya kuvuka nusu ya Afrika na kurudi, na wa kwanza kufika ndiye mshindi, yeye atakuwemo.

Mwishoni mwa Mei 1953 yakafanyika, kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yaligawanywa katika makundi kwa kufuata bei yake dukani, na hakukuwa na mshindi mmoja wa jumla.

Hapa ndipo mimi kama mtu wa kompyuta ninaposisimka. Mfumo wao wa kuhesabu ulikuwa rahisi ajabu. Barabara haikufungwa. Njiani kuliwekwa vituo vya muda, kila kimoja na msimamizi na saa. Dereva alipewa dakika kadhaa za kutoka kituo hadi kituo, na muda ulipangwa kwa ubahili kiasi kwamba karibu haiwezekani kuwahi. Ukichelewa dakika, unapata alama ya adhabu, na msimamizi anaandika kwenye kadi yako. Mwenye adhabu chache ndiye bingwa. Hakuna mtu aliyeuliza kilichokuchelewesha. Pancha, twiga, mto uliofurika au lori la miwa, vyote vilikuwa dakika tu.

Mfumo huo ulitoa matokeo ya kushangaza. Mwaka 1963 yalianza magari 84 na yakamaliza saba. Mwaka 1968 yalianza 93, na yakamaliza saba tena. Miaka yote hiyo miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na mwelekezi wake Paddy Cliff, kwa Peugeot 404. Hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyeshinda hadi 1972, Hannu Mikkola wa Finland alipoweza kwa Ford Escort.

Mwaka uliofuata ukawa mtihani kwa wahesabuji. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Harry Källström wa Sweden, wote kwa Datsun, walimaliza maelfu ya kilomita wakiwa na alama za adhabu sawasawa. Aliyewahi kuandika programu ya kupanga orodha anajua swali hilo: vitu viwili vikilingana, kipi kitangulie? Bahati nzuri waandaaji walikuwa wameandika kanuni ya kuvunja sare mapema, nayo ikampa Mehta ushindi. Alishinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, akafikisha ushindi mara tano.

Colin McRae alishinda mwaka 2002, kisha Safari ikaondolewa kwenye kalenda ya dunia. Iliporudi 2021 ilikuwa mnyama mwingine. Barabara zinafungwa. Mikondo ilikuwa 18, yenye jumla ya kilomita 320 hivi za kushindana. Muda unapimwa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na kila gari lina kifaa cha GPS. Pale Hell's Gate nilimwonyesha tata kwenye simu vidoti vikitembea juu ya ramani. Kabla vumbi halijatua tulikuwa tunajua nani amepoteza sekunde ngapi na kwenye kona gani. Kalle Rovanperä alishinda, na Toyota ikachukua nafasi nne za kwanza.

Tata alitazama vile vidoti kwa muda mrefu. Kisha akanisimulia habari ambayo sikuwahi kuisikia.

Kaka yake mkubwa alikuwa mchuma chai Kericho, kama Wagusii wengi wa wakati ule. Pasaka moja ya mvua, gari la Safari lilikwama kwenye matope karibu na nyumba za wafanyakazi. Watu ishirini walitoka gizani wakalisukuma. Dereva aliwapungia mkono na kupotea. Kaka yake aliisimulia habari hiyo maisha yake yote.

"Gari namba ngapi?" nikauliza.

"Sijui. Sikuwahi kumuuliza."

"Mwaka gani?"

"Mwaka wa mvua."

Kaka yake alifariki 2019.

Nilipofika nyumbani nilitafuta kwenye intaneti. Orodha za matokeo zipo: namba, majina, aina ya gari, adhabu. Wengi mstari wao unaishia na neno moja tu, kwamba hawakumaliza. Inawezekana gari lile ni mmoja wa mistari hiyo. Ule mfumo wa kadi na saa uliandika kilichotokea kituoni tu. Yote yaliyotokea kati ya kituo na kituo, kilomita kwa kilomita usiku kucha, yalibaki kwa watu waliokuwa wamesimama kando ya barabara. Leo kila mita ya gari la Rovanperä imehifadhiwa mahali fulani kwenye seva. Usiku ule wa Kericho ulihifadhiwa kwa mtu mmoja, naye hayupo.

Sisemi turudishe Safari ya zamani. Tulipokuwa tukirudi tulipita Keroka siku ya soko, bodaboda zimejaa barabarani na akina mama wamepanga ndizi hadi ukingoni mwa lami. Nikamuuliza tata kama angependa gari la mashindano lipite hapo kwa kasi ile ya Hell's Gate. Akasema, "Hapana. Hao wazunguke tu huko." Kwa hiyo tulikubaliana.

Lakini jioni ile niliweka simu mezani, nikabonyeza kurekodi, nikamwambia aanze na Pasaka ya 1974. Aliongea saa mbili na dakika kumi. Nimeandika mwaka, mahali na jina la msimulizi kwenye faili, na nimeweka nakala tatu. Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyesimama kando ya barabara Pasaka za zamani, muulizeni namba ya gari leo.