NADHARIA YA LUGHA: Vitendo-uneni katika matatu za Thika na Ruiru

MWANAFALSAFA Mwingereza J. L. Austin ndiye aliyeasisi nadharia ya vitendo-uneni. Katika mihadhara aliyoitoa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka wa 1955, na iliyochapishwa 1962 baada ya kifo chake, alishikilia kuwa binadamu hatumii lugha kueleza mambo tu, bali kwa kusema, huwa anatenda.

Kwa mujibu wa Austin, kauli moja hubeba matendo matatu: kutamka maneno yenye maana, jambo ambalo msemaji analitenda kwa kuyatamka, na athari yake kwa msikilizaji.

Mathalani, matatu ya kwenda Thika inapokaribia Ruiru, kondakta huuliza: “Kuna wa Ruiru?” Kimuundo, hilo ni swali. Kiutendaji, ni agizo kwamba wanaoshuka wajiandae. Abiria hujibu, “Shukisha!”, na kwa neno hilo gari husimama. Akinyamaza, kimya chake huchukuliwa kuwa jibu, naye hupitishwa. Vilevile, kondakta anapouliza, “Nani hajalipa?”, hatarajii kutajiwa majina, anadai nauli.

Hata hivyo, maneno hayatendi pasipo masharti. Msemaji sharti awe na mamlaka, na mazingira yawe mwafaka. Hakimu katika mahakama ya Thika au Ruiru akitamka kuwa mshtakiwa ana hatia, hali ya mtu huyo kisheria hubadilika papo hapo. Maneno yayo hayo yakitamkwa na mwenye kibanda cha chai nje ya mahakama, hubaki kuwa maoni.

Sharti hili ndilo chanzo cha migogoro mingi ya nauli. Mpiga debe hunadi stendini: “Thika mia! Mia Thika!” Abiria huipokea kauli hiyo kama ahadi, akapanda. Njiani, kondakta hudai mia na hamsini. Mpiga debe amebaki stendini na ujira wake. Kondakta naye hushikilia kuwa hakuahidi lolote.

John Searle, aliyeiendeleza nadharia hii katika kitabu chake cha 1969, alieleza kuwa anayeahidi hujifunga kutenda jambo yeye mwenyewe. Mpiga debe hakusanyi nauli, hivyo hana la kutimiza.

Ahadi ni deni, wahenga walisema. Ndiyo maana abiria mzoefu humuuliza kondakta nauli kabla ya kupanda. Jibu lake, likisikika mbele ya abiria wengine, huwa mapatano ambayo ni vigumu kuyakana garini.